Simu Moja Si Simu

Simu ya kwanza niliyoimiliki maishani haikuwa na pa kupiga. Ilikuwa mwaka 1987, nina umri wa miaka kumi na moja, nasoma skuli hapa hapa Makunduchi, Unguja. Mjomba wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini, na ofisi hiyo ilipobadilisha vifaa, simu kuukuu zikarundikwa stoo pamoja na mashine za chapa zilizokatika herufi na viti vya miguu mitatu. Mjomba akaomba moja, akapewa. Akaifunga kwenye kanga chakavu, akapanda gari ya shamba, akaipakata safari nzima ya zaidi ya kilomita sitini, kulia kwake gunia la unga, kushoto tenga la kuku. Alipofika akaitua barazani kwetu kama mtu anayetua jeneza: polepole, kwa heshima.

"Haya mwanangu," akaniambia, "piga simu."

Watoto wa mtaa walikwisha jaa. Nikaunyanyua mkonga, nikatia kidole katika tundu la namba tano, nikazungusha mpaka kwenye kizuizi, nikaachia. Sahani ya namba ikarudi yenyewe, taratibu, ikilia kama nyenje. Nikaweka sikio. Hakuna kitu. Nikajaribu sita, nikajaribu tisa, nikajaribu sifuri ambayo huzunguka safari ndefu kuliko zote. Kimya.

Bibi alikuwa amekaa pembeni anasokota kamba ya usumba juu ya paja. Hakuinua kichwa. "Chombo nimekiona," akasema. "Simu yenyewe iko wapi?"

Tulicheka mpaka tukaangukiana. Tulidhani bibi hajui simu ni kitu gani. Imenichukua miaka mingi, na mkusanyiko wa simu kuukuu ambao mke wangu anauita makaburi, kutambua kwamba pale barazani aliyejua simu ni nini alikuwa yeye peke yake.

Neno simu tumelipata kwa Waajemi, na kwao *sim* ni waya. Sisi watu wa Makunduchi, tunaojinasibisha na Washirazi na kuuita mwaka wetu Nairuzi, tulipaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo. Mwaka 1879, Sayyid Barghash akiwa kwenye kiti cha usultani, kampuni ya Kiingereza ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja ukashuka Msumbiji mpaka Durban. Kisiwa cha Bawe, kile kinachoonekana ukisimama Forodhani, kilikuwa kituo cha nyaya hizo, na jengo la kampuni ya simu pale Shangani ndilo leo hoteli ya Serena. Wazee waliposema "nimepiga simu" walikuwa na maana ya telegramu, maneno machache yaliyopita ndani ya uzi. Hakukuwa na chombo cha kushika mkononi. Kulikuwa na uzi, na mtu huku, na mtu kule. Chombo kilikuja baadaye, kikalichukua jina la uzi, na uzi ukasahauliwa. Bibi, aliyekuwa na kamba mkononi siku ile, aliuliza habari za kamba.

Somo langu la pili kuhusu simu nililipata kwa mjomba huyo huyo. Ofisini kwao mkubwa alikuwa na desturi iliyokuwa imeenea zama zile: kutia kikufuli kidogo kwenye tundu la sahani ya namba ili wafanyakazi wasipige. Sahani haizunguki, simu inabaki ya kupokea tu. Jioni moja mke wa mjomba yuko hospitali anajifungua, mkubwa amekwenda zake na ufunguo uko mfukoni mwake. Mjomba akaunyanyua mkonga, akasikia mlio wa laini. Kisha akaanza kugonga kwa kidole vile vichwa viwili ambavyo mkonga huvilalia. Ta-ta-ta. Akapumzika. Ta-ta. Akapumzika. Namba baada ya namba. Upande wa pili wakaitika, akaambiwa ana mtoto wa kike. Kikufuli hakijaguswa.

Nilimwomba anieleze uchawi ule, akanieleza kwa kijiti na mchanga. Kutoka kituo cha simu, akasema, umeme unakuja katika waya muda wote ambao mkonga uko juu. Sahani ya namba haipeleki kitu chochote huko. Kazi yake ni kukata. Ukizungusha tano ukaachia, wakati wa kurudi inaukata ule umeme mara tano na kuuunga mara tano. Ukizungusha sifuri inaukata mara kumi. Mashine kule kituoni inahesabu mikato, basi. Na mtu mwenye kidole chepesi anaweza kuukata kwa kugonga kile kitako, bila sahani wala ruhusa.

Nimefungua simu nyingi tangu hapo na bado maelezo yale ya mchangani hayajanichosha. Namba nzima, iwe ya daktari au ya mchumba, imeundwa na kukatika kwa waya. Ila kuna sharti: kila mkato ufuatwe na kuungana, tena upesi. Sahani iliyo nzima hukata na kuunga mara kumi katika sekunde moja. Ukikata ukachelewa kuunga, kule kituoni wanadhani umeweka mkonga chini, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Mwenye kuanzisha mambo haya ya kujipigia mwenyewe hakuwa fundi wa simu. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Zama hizo ulikuwa ukinyanyua simu unazungumza na opereta, naye ndiye anayekuunganisha. Inasimuliwa kwamba opereta wa mji ule alikuwa mke wa mpinzani wake wa biashara, na kila mfiwa aliyemwulizia Strowger aliunganishwa kwa mume wa opereta. Strowger akakasirika, akakaa chini, akabuni mashine ya kumwondoa mtu wa katikati. Hati ya ubunifu wake ilitolewa mwaka 1891, na kituo cha kwanza kikafunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Sahani ya kuzungusha ilifuata miaka michache baadaye kwa kazi ya wenzake. Kwa hiyo kile kidude ambacho nimekipenda maisha yangu yote kilizaliwa na mtu asiyemwamini jirani yake. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nataka kuwasifia watu wa zamani kwamba walikuwa wema kuliko sisi. Hawakuwa. Walikuwa na kikufuli.

Nirudi kwenye simu yangu. Ilikuwa ya Kiingereza, ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1937, yenye gamba la bakelaiti jeusi linalong'aa kama kaa la mawe na mtoto wa meza chini yake wa kuwekea karatasi ya namba. Bakelaiti ilibuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani. Haishiki kutu, mchwa hawaili, jua haliiyeyushi. Udhaifu wake ni mmoja: ikianguka sakafuni hupasuka kama kigae. Ndani yake ndimo kulikuwa na matatizo. Sahani ilikuwa ikirudi kwa kusitasita, nami kwa akili zangu za miaka kumi na moja nikaona dawa ni mafuta. Nyumbani kwetu mafuta yalikuwa ya aina moja. Nikaenda jikoni, nikachukua mafuta ya nazi, nikaimiminia.

Sahani ikateleza kama samaki. Nilijiita fundi kwa wiki nzima. Kisha kukaingia kipupwe. Asubuhi moja ya Julai nikazungusha, nikaachia, na sahani ikakwama katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mchana nikajaribu tena, ikazunguka. Asubuhi ya pili ikakwama. Nikaamini ina shetani. Mjomba alipokuja kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, nikamweleza, akaondoka nayo na mimi nikafuatana naye hadi mjini, kwa fundi mmoja wa redio aliyekuwa na kibanda katika vichochoro vya Mkunazini.

Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaifungua simu, akainusa, akanitazama. "Yakhe," akamwambia mjomba, "simu hii imekula wali wa nazi." Kisha akanigeukia na kunieleza kwa upole jambo ambalo kila mpishi wa pwani analijua nami sikulihusisha: mafuta ya nazi huganda penye baridi. Usiku wa kipupwe yaligandia kwenye gavana, jua likipanda yakayeyuka. Gavana ni kile kifaa kinachoshika mwendo wa sahani: vipande viwili vya chuma vinavyotanuka kadiri mhimili unavyokwenda mbio, vikasugua ukuta wa kikombe chao na kuupunguza mwendo. Bila gavana, springi ingeirudisha sahani kwa kishindo, na kituo kisingeweza kuhesabu. Fundi akasafisha kila jino kwa spiriti na kijiti kilichozungushiwa pamba. Mwisho akachovya ncha ya sindano katika mafuta ya cherehani, akagusa mahali pawili tu.

"Mafuta mengi ni uchafu," akasema. "Yanakusanya vumbi, vumbi linakuwa gundi. Kinachoteleza sana leo ndicho kitakachokwama kesho."

Likizo zote zilizofuata nilizimalizia katika kibanda kile. Hakunilipa, wala sikumlipa. Nilimwendea chai, nikashika taa, nikatazama. Mengi aliyonifundisha yalikuwa ya kawaida: kufungua parafujo kwa bisibisi yenye upana unaolingana nayo, kuchora mpangilio wa nyaya kabla ya kuzigusa, kulehemu kwa risasi kidogo na moto wa kutosha. Lakini jambo moja sikulitarajia.

Nilidhani, kama anavyodhani mtu yeyote, kwamba simu hufa kwa kuchoka. Fundi akaniwekea mbele simu mbili. Moja ilitoka kwenye duka la biashara, imezungushwa kutwa miaka na miaka hadi tarakimu zimefutika. Nyingine ilitoka nyumba ya kitajiri, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haikuguswa isipokuwa sikukuu. Ile ya dukani ilikuwa ikifanya kazi. Ile ya kitambaa ilikuwa bubu. Akanionyesha sababu. Ndani ya sahani na chini ya kitako cha mkonga mna vidoto vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana. Kila vinapogusana husuguana kidogo, na msuguano huo ndio unaovisafisha. Visipogusana, hewa ya chumvi ya kisiwa chetu inavivalisha utando. Havijavunjika, havijapinda, vimekaa mkabala kama zamani, lakini umeme haupiti.

"Simu haiugui kwa kazi," fundi akasema. "Inaugua kwa kukaa."

Na dawa yake siyo msasa. Nilitaka kuchukua msasa, akanipiga kofi la mkononi. Msasa unakwangua utando pamoja na madini yenyewe, na ukifanya hivyo mara mbili tatu hubakiwi na cha kugusana. Alikata ukanda wa karatasi ngumu, akaupitisha katikati ya vidoto, akavibana kwa kidole chepesi, akauvuta. Karatasi ikatoka na alama nyeusi. Akarudia mpaka ikatoka nyeupe. Simu ya kitambaa ikaamka.

Kipaza sauti nacho kina tabia yake. Ndani ya mkonga, mbele ya mdomo, mna kikopo chenye punje za makaa. Sauti ikigonga utando wa juu, punje hubanwa na kuachiwa, umeme unaopita humo hupanda na kushuka, na upande wa pili sumaku inageuza kupanda na kushuka huko kuwa sauti tena. Katika unyevunyevu wa masika punje hugandana, na msemaji akasikika kama yuko kisimani. Wazee walikuwa wakigonga mkonga kwenye kiganja kabla ya kuzungumza, nasi watoto tukadhani ni mbwembwe. Walikuwa wakizitikisa punje.

Nilikua, nikafanya kazi, nikaoa, na mapenzi ya simu hayakuniacha. Simu zangu nimezipata minadani, katika kabati za skuli, kwa watu waliohama nyumba. Zimepita kwenye mikono mingi: za Posta na Simu ya Afrika Mashariki kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, za Shirika la Posta na Simu la Tanzania baada ya hapo, mpaka shirika hilo lilipogawanywa na TTCL ikasimama peke yake mwaka 1994. Mwaka 1999 ikaingia Zantel na simu za mkononi, na sahani za namba zikaanza kutupwa. Hata msimbo wetu ulibadilika. Zamani aliyetaka kuipigia Zanzibar kutoka bara alianza na 054, leo ni 024. Kwa simu ya kuzungusha, 054 peke yake ni mikato kumi na tisa, karibu sekunde mbili bila kuhesabu muda wa kuzungusha, na bado hujaigusa namba ya mtu. Aliyekupigia alikuwa amefikiri kwanza.

Nimetapeliwa pia. Katika duka moja la vitu vya kale mjini nilinunua simu ya shaba nyeupe na mkonga wa mbao, nikaambiwa ilitoka nyumba ya mfalme. Niliibeba hadi Makunduchi kama bwana harusi. Nilipoifungua usiku, ndani nikakuta kibao cha elektroniki cha kisasa na kengele ya plastiki. Baadaye nikajua kwamba simu za mapambo za namna ile hutengenezwa India, katika mji wa Moradabad, mashuhuri kwa kazi za shaba. Si kosa kutengeneza pambo. Kosa lilikuwa langu, nilinunua kwa macho. Sasa kabla ya kutoa pesa nafanya mambo matatu. Kwanza naipima kwa mkono, kwa kuwa simu ya kweli imebeba koili, sumaku na makopo mawili ya kengele. Pili nazungusha sifuri na kusikiliza: sahani ya kweli hurudi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tatu naigeuza chini nisome mihuri yake. Nikiwa na shaka na sahani, narekodi mlio wake kwa simu yangu ya mkononi na kuutazama kwenye kioo. Vikitokea vilima kumi ndani ya sekunde moja, gavana mzima. Simu mpya inampima babu yake mapigo ya moyo.

Nilipofikisha simu kumi na moja nilizipanga kwenye rafu, zimesafishwa, zimeng'arishwa, kila moja inafanya kazi. Kufanya kazi, yaani, kama ingekuwa na kazi. Shangazi yangu alikuja siku moja, akazitazama zote, akauliza: "Mwanangu, sasa wewe unazungumza na nani?" Nikamkumbuka bibi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na simu moja, hata iwe kumi na moja, si simu.

Hapa inanibidi nieleze habari ambayo si ya kujivunia. Kati ya kiwanja changu na cha shangazi pana minazi mitatu. Mwaka 2013 mimi na mtoto wa shangazi, ambaye tulilala kitanda kimoja utotoni, tuligombana juu ya minazi hiyo. Maneno yalisemwa. Baada ya hapo hatukuzungumza. Wote wawili tulikuwa na simu za mkononi, wote tulikuwa katika kundi moja la WhatsApp la ukoo, na kila mmoja aliweza kuona mwenziwe yuko hewani. Mara mbili alinipigia. Niliona jina lake kwenye kioo, nikaiacha ilie. Mara moja nilimpigia mimi. Nayo ililia mpaka ikakatika. Nyumba zetu ziko umbali wa mita mia na kidogo. Minazi ile ilizeesha nazi zake, zikaanguka, zikaota, na hakuna aliyeziokota.

Katika mji wetu upo utaratibu wa mambo haya. Siku ya Mwaka Kogwa, kule Kae Kuu, watu wa kaskazini na watu wa kusini hutoka na mabua ya migomba wakachapana, na mwenye kinyongo anakitoa hapo hapo, kwa mkono wake, mchana kweupe, kwa mtu anayemwona. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, mwaka wa zamani unakwenda na moshi wake, na kila nyumba inatakiwa ipate mgeni wa kula naye. Miaka mitatu mfululizo mimi na binamu yangu tulikwenda Kae Kuu, na miaka mitatu tulihakikisha hatukutani. Tulichapana na watu ambao hatukuwa na ugomvi nao.

Kipindi hicho ndipo nilipoamua kumjibu shangazi. Mnadani nikanunua waya wa simu wa kutosha, nikaupitisha kwenye ua, nikaupandisha mwembe, nikauvusha juu ya ile minazi mitatu hadi ukumbini kwake. Ukiwa na simu mbili za zamani huhitaji kituo. Unaziunga mfululizo na betri sita za redio, jumla volti tisa, na punje za makaa zinafanya mengine. Nikamwekea shangazi ile nyeusi ya mwaka 1987, mimi nikabaki na nyingine. Lilibaki tatizo moja la kuchekesha: kengele za simu hizo zinataka umeme wa nguvu zaidi, wa kwenda na kurudi, na betri zangu haziuwezi. Kwa hiyo wiki ya kwanza nikitaka kumpigia shangazi nilisimama uani na kupiga ukelele, "Shangazi, pokea simu!" Naye akajibu kwa ukelele vile vile, "Naja!" Mtaa mzima ukatucheka. Nikafunga kengele ya mlangoni ya betri kwa waya wa peke yake, na heshima ikarudi.

Shangazi akaipenda. Alikuwa ananipigia alfajiri kuniuliza kama nimeamka, swali ambalo likishaulizwa jibu lake ni moja. Alipenda zaidi kwamba haikutaka vocha wala chaji. Hakuwa amesahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ambayo Unguja nzima ilikosa umeme kwa hitilafu kwenye njia ya waya wa baharini kutoka bara, na sisi tukapanga foleni dukani kuchaji simu kwa jenereta. Kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja, na siku ulipokatika ndipo tulipotambua kuwa ulikuwapo.

Jioni moja ya mwaka 2016 nilibonyeza kengele, nikangoja, upande wa pili mkonga ukanyanyuliwa.

"Haloo," nikasema, "shikamoo shangazi."

Kukawa kimya. Katika simu za makaa kimya hakiwi kitupu. Unasikia pumzi, unasikia kuku wa uani kwa mwenzio.

"Mama yuko msikitini," sauti ikasema. Ilikuwa ya binamu yangu.

Simu ya kuzungusha haina kioo. Haikwambii nani anapiga, wala nani atapokea. Unaitika kwanza, unajua baadaye. Kama ingekuwa na kioo nisingebonyeza kengele saa ile, na yeye, angeona jina langu, asingenyanyua. Tukabaki tumeshika mikonga, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuiweka chini.

Mwishowe akasema: "Nazi zako zinaotea uani kwangu. Njoo uzichukue."

"Zako ngapi, zangu ngapi?" nikamwuliza.

"Njoo kwanza."

Nikaenda. Sitasema tulikumbatiana, hatuna desturi hiyo. Tulifua nazi mpaka Isha, tukizungumza habari za bei ya makumbi. Ugomvi wetu haukuwa umevunja kitu. Tulikuwa vidoto viwili vilivyokaa mkabala miaka mitatu bila kugusana, tukavaa utando. Hatukuhitaji msasa wa kikao cha ukoo na wazee kumi na mawakili wa kila upande. Ilitosha karatasi moja kupita katikati.

Msomaji, huenda nyumbani kwenu, juu ya kabati au mvunguni, ipo simu ya namna hii. Usiiuze kwa kilo, wala usiimiminie mafuta, hasa ya nazi. Ifungue taratibu, chora nyaya zake kabla hujazigusa, pitisha karatasi kwenye vidoto vyake, gonga mkonga kiganjani. Itaamka. Ikishaamka usiiweke sebuleni kuwa pambo. Itafutie ya pili, na umtafute wa kuishika hiyo ya pili, hata kama ni yule ambaye jina lake likitokea kwenye kioo unageuza simu kifudifudi.

Mkusanyiko wangu leo una simu kumi na mbili. Siku hizi sinunui moja moja.